Neno la Mwisho

Anzia ukutani, alisema Bwana Lushinge,
anzia pale pale karatasi inapoanzia,
usiache mbele ya "milioni" nafasi
hata ya dagaa mmoja kulala ubavu.
Mwizi wa hundi haji na panga,
anakuja na kalamu ya wino uleule.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu,
mwandika hundi wa kiwanda cha minofu, Igogo,
dirisha langu likitazama lundo la mapanki
na korongo waliosimama kama wadai.
Tarakimu, alisema, ni vigeugeu:
moja huota kichwa ikawa saba,
sifuri huota mkia ikawa tisa.
Maneno ndiyo mashahidi. Wakigombana,
benki itasikiliza maneno.

Akanionyesha na mitego ya lugha yetu wenyewe.
Elfu kumi na tano:
ni kumi na tano elfu,
au ni elfu kumi, na shilingi tano juu yake?
Mwaloni Kirumba hakuna anayeuliza;
muuzaji anakuona uso, anamwona samaki, anajua.
Benki haina macho, binti.
Elfu ije nyuma, ifunge mlango.
Na ile "laki na nusu" yenu
iacheni mdomoni, huko ndiko kwao.

Kisha, baada ya yote, "tu".
Herufi mbili. Komeo.
Halafu mstari mnyoofu hadi ukingoni,
asipenye mtu.

Nikaandika. Barafu, dizeli, maboksi,
mabondo yanayosafiri mbali kuliko mimi,
milioni arobaini na mbili tu,
laki sita na themanini elfu tu,
mwaka wa kwanza, wa pili, wa nne,
na sikuwahi kulisikia neno lile.
Lilikuwa msumari.
Nani husikiliza msumari?

Mpaka Juni ile, rundo la barafu
lilipomporomokea Masalu wa zamu ya usiku.
Kikashuka kikaratasi kutoka juu:
mlipwaji, mjane, Nyamizi binti Kadogosa;
kiasi, milioni mbili na laki tatu;
iandikwe leo, yupo getini.

Nikaanzia ukutani.
Sikuacha nafasi.

Alikuwa amevuka na feri ya Kamanga ya kwanza,
mfuko wa rambo kwapani, ndani yake
cheti cha kifo, cheti cha ndoa, picha nne za pasipoti
za mtu aliyekuwa hataki kupigwa picha.
Akaniomba nimsomee.
Shilingi milioni mbili, nikasoma, na laki tatu.
Nikaishia hapo.

Nilidhani hajui kusoma.
Akaweka kidole kwenye karatasi,
pale kabla mstari haujaanza.
"Na hiki kidogo?"
"Utaratibu, mama. Ni cha benki."
"Kinasemaje?"
"Tu."

Hakulia. Alilirudia mara moja, taratibu,
kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.
"Tu."
Kisha akauliza benki inafunga saa ngapi,
na kama feri ya saa kumi bado ipo.

Bwana Lushinge alishastaafu, anafuga kuku Nyegezi.
Siku hizi malipo mengi yanaruka kwa simu,
tarakimu tupu, mlio mmoja mfukoni, basi.
Ila hundi kubwa kubwa bado zinapita mezani kwangu,
na kila nikifika pale kalamu inasimama.
Kijana ninayemfundisha, Bujiku,
anadhani nahesabu sifuri.

Namwambia, anzia ukutani.
Namwambia, elfu ifunge mlango.
Lile la mwisho
namsogezea kitabu aandike mwenyewe.