Po

Kwanza alichukua pipa langu la unga.
Sikusema kitu. Akalizungushia waya wa shaba,
mwembamba kama unywele wa kitoto kichanga,
mizunguko elfu mbili na mia nane, akihesabu kwa sauti,
na kila nikimwita kula anaanza upya,
ati nimempotezea hesabu.

Zahor wangu, miaka thelathini fundi wa pampu za maji.
Amestaafu Machi. Aprili hana pa kuweka mikono.

Ananieleza: redio za watu zinaruka juu,
hii yangu inatambaa chini, chini kabisa,
huko ambako wimbi moja, Shinuna, wimbi moja tu,
lina urefu wa kutoka hapa Mudhaireb mpaka Ibra
na karibu kurudi.
Nikamuuliza: na wimbi hilo
utalitoa kwa mlango gani?
Akacheka hata miwani ikamwanguka.

Nyumbani haiwezekani.
Nyaya za umeme zinavuma, friji inavuma,
kiyoyozi cha jirani kinavuma,
mji mzima unavuma sauti moja, kama nyuki wa serikali.
Basi tukapakia gari: betri mbili za lori,
pipa, chupa ya chai, na tiara,
naam, tiara, mtu wa miaka sitini na tatu.
Tukapita Bidiya, tukaiacha lami,
tukaingia mchangani
mpaka simu ikabaki na kijino kimoja cha mtandao.

Kabla ya kutuma akanivika visikizi.
Nilidhani nitakuta kimya.
Hakuna kimya kule.
Kuna mafuta ya moto yaliyodondokewa maji,
kuna mtu chumba cha pili
anavunja vijiti vikavu, hachoki.

Radi, akasema.

Nikatazama juu: nyota tupu, hata wingu la dawa hapana.
Si za hapa, akasema. Hizo zinapiga Kongo,
zinapiga Ziwani, pengine hii, sikiliza, hii
pengine Pemba.
Zinakuja zikigonga baina ya ardhi na dari ya anga.

Mamangu, radi zikianza,
alikuwa akifunika vioo vyote vya nyumba.
Nikajikuta nimevua kanga ya mabegani
naifunga kwenye kioo cha gari.
Zahor aliniona. Hakuuliza.

Tiara ikapanda na waya wake saa tatu na nusu usiku.
Nje ya Sur, kilimani, Muhsin amekaa
na duara lake la waya na kompyuta kuukuu,
anangoja neno asilolijua.
Herufi tatu: UPO.
Bila alama ya kuuliza; alama ni ghali,
herufi moja yala dakika hamsini.

U.
Sindano inatetemeka, uzi wanikata kiganja.
P.
Nikasinzia nikiwa nimesimama, kama punda.
O.
Chai imepoa zamani.

Saa sita na robo simu ikalia.
Nimepata, Muhsin anapiga kelele, nimepata PO!
Na ya mbele?
Ya mbele imeliwa. Ilipiga radi, sijui ya wapi,
skrini nzima ikawa nyeupe.

Zahor akakaa juu ya pipa.
Po, akasema. Po.
Akaijaribu: upo, yupo, tupo, wapo.
Nikamwambia, basi mahali pamefika,
mtu ndiye aliyebaki njiani.
Hakucheka safari hii.

Kwenye simu Muhsin bado anauliza,
haloo, Zahor, haloo, upo?
na mume wangu, simu mkononi,
amesahau kwamba hili halitaki tiara wala pipa,
anatazama kusini kwenye giza
kama aliyeitwa na mtu mwingine.

Nikachukua mimi. Yupo, nikasema. Tupo.

Tuliteremsha tiara. Pipa langu, nikauliza, narudishiwa lini?
Kesho, akasema, tunatuma U peke yake.

Njia nzima mpaka nyumbani
kioo cha pembeni kilikuwa kimefungwa kanga.
Aliendesha bila kuona nyuma,
na hakuna aliyeifungua.