Chumvi ya Ramatha

Mchanga wa Baratti ni mweusi, unametameta;
ukiupitishia sumaku unasimama
kama manyoya ya paka aliyeshtuka.
Watoto wa watalii wanalipenda jambo hili.
Hawajui kwamba wanachezea mavi ya chuma,
ndivyo babu alivyoyaita, bila kutafuna maneno,
makapi ya matanuri yaliyowaka hapa kabla ya Roma kuwa Roma,
mawe yakivushwa kutoka Elba, kile kisiwa pale,
kinachoonekana asubuhi na kufutika adhuhuri
kama ahadi ya mdeni.

Waetruski walifua, wakatupa. Wakafa, wakazikwa.
Waliokuja nyuma yao wakatupa juu ya makaburi,
mpaka wafu wakalala chini ya kilima cha takataka,
salama kuliko wangewekewa askari.

Babu yangu Duilio aliajiriwa kukibomoa kilima.
Kiwanda kilikuwa kimegundua
kwamba wale wa kale waliyeyusha kwa pupa,
chuma kingi kilibaki ndani ya mavi.
Mashine ya mvuke ikala ardhi usiku na mchana,
na siku moja meno yake yakagonga paa la mtu.

Msimamizi alisema: Piteni. Tunalipwa kwa tani, si kwa mifupa.
Wakapita.
Babu alirudi nyumbani na kitu ndani ya fulana,
akamwambia bibi: Tia chumvi.

Miaka tisini kikombe kimekaa jikoni kwetu,
cheusi tititi, sikio moja limevunjika.
Kimetiwa chumvi, vifungo,
ufunguo wa baiskeli iliyokwisha kuibwa,
wakati mmoja meno ya bandia ya shangazi Ersilia,
kisha chumvi tena.
Hakuna aliyekiosha sawasawa.
Nani hukitazama chombo cha kila siku?

Mwezi uliopita tumemzika mama.
Nimegawa sahani, nimegawa mashuka,
na kikombe nikakilaza kwenye maji ya moto.
Ukoko ulipolainika, chini ya kitako, herufi:
zinatambaa kutoka kulia kwenda kushoto,
mwendo wa kaa aliyeona mtu.

Nikampigia Nevio, anayefundisha mambo ya kale kule Piombino.
Alisema: Herufi zao tunazisoma zote;
maneno yao tunayaelewa machache.
Lakini hilo la kwanza, Fosca, linajulikana.
*Mi.*
Maana yake mimi.
Na linalofuata ni jina la mwanamke, Ramatha.

Mi wa Ramatha.
Hakisemi *cha*, kama chombo.
Ninavyokisikia mimi, kinasema *wa*,
kama mtoto aliyepotea sokoni
anayeulizwa, wewe wa nani?

Sikulala.
Miaka tisini kinajibu,
na sisi tunachota chumvi.

Leo nimevaa viatu vya Jumapili,
nimekifunga ndani ya fulana
(ndiyo, fulana; nilitaka kirudi kilivyokuja),
nikateremka kwa njia ya misonobari
hadi lango la makaburi.
Limefungwa. Jumatatu.
Tangazo lina namba ya simu. Nimepiga. Inaita tu.

Kupitia waya niliyaona makaburi ya mviringo,
nyasi juu yake zimekatwa vizuri
kuliko za kaburi la mama.
Mjerumani mmoja akaniuliza choo kiko wapi.
Nikamwonyesha.

Kisha nikakaa kwenye mchanga ule mweusi,
kikombe magotini, jua likipasha viatu vyangu,
na koo limekauka.
Nilikuwa na chupa ya maji.
Sijui kama ni dhambi
au ni kosa la jinai, Nevio angejua.
Nikamimina. Nikaweka midomo
upande ule ambao haujamomonyoka.

Bado yalikuwa na chumvi.