Ufunguo wa Nyumba Iliyouzwa

Miaka kumi na tisa niliwahesabia watu fedha zao
katika benki ya Kutaisi, dirisha la tatu, karibu na hita.
Mkono wangu uliujua uzito wa lari elfu moja
kama mama ajuavyo kichwa cha mwanawe gizani.

Akiba haiozi: ndivyo nilivyolelewa,
ndivyo nilivyomwambia Lamara usiku ule
aliposema, huku akikunja sare yake ya uuguzi,
kwamba kule juu Svaneti kuna zahanati yenye vitanda viwili
na haina mtu.
"Haina mtu, Vazha." Basi. Hakuongeza neno.
Akazima taa, akalala usingizi wa aliyekwisha kujibu.

Mimi sikulala.
Nilijumlisha. Nilitoa. Nilianza upya.
Kila nilipofika chini ya safu
jibu lilikuwa lile lile: haitoshi.
Na penye safu ya Mungu sikujua niandike nini.
Tarakimu gani?

Tuliuza nyumba Septemba,
makomamanga ya uani yakiwa bado mabichi.
Nikampa mnunuzi funguo mbili;
ufunguo wa tatu nikaubakiza mfukoni.
Usiniulize kwa nini. Hata Petro, alipoteremka majini,
nadhani mkono wake mmoja ulichelewa kidogo
kuuachia ubavu wa mashua.

Januari theluji ilifunga barabara.
Siku kumi na saba.
Wagonjwa walikuja kwa miguu, au wamelazwa juu ya sleji
inayokokotwa na maksai, wakalipa jibini,
soksi za sufu, kuku mmoja mwenye jicho moja
ambaye Tekla alikataa katakata tumchinje;
wengine walilipa "Mungu awazidishie,"
nami nikaliandika hilo pia daftarini, kwa penseli.

Nilipima unga kwa kikombe cha chai.
Baadaye nilipima kwa nusu kikombe.
Nikasimama dirishani kumsubiri kunguru,
yule wa Eliya, mwenye mkate mdomoni.
Mbingu ikabaki nyeupe kama ukurasa.

Usiku wa kumi na mbili mlango ukagongwa.
Murzakani, jirani wa ng'ambo ya mto,
theluji hadi kiunoni, kofia mkononi, haya usoni.
Mamake, alisema, anaomba mkate kwa Mungu tangu juzi,
kwa sauti,
naye amechoka kumsikiliza.

Nilijua kilichomo mfukoni hadi chembe.
Vikombe sita.
Akiba haiozi, ulimi ulitaka kusema,
lakini nikaikumbuka mana ya jangwani,
ile waliyoificha mpaka asubuhi:
iliota mabuu, ikanuka.
Kumbe iko akiba inayooza.
Nikamimina vitatu. Mkono ulitetemeka, sitadanganya.

Alipoondoka, nyayo zake zikifukiwa nyuma yake,
Lamara alicheka taratibu jikoni.
"Ulikuwa unamngoja kunguru, mume wangu.
Jitazame. Umevaa koti jeusi."

Sitasema unga uliongezeka. Haukuongezeka.
Siku mbili tulilala njaa, Tekla akalia,
mimi nikamkasirikia Mungu kwa majina yake yote.
Siku ya tatu vikaja viazi, gunia zima,
mgongoni mwa mtu nisiyemfahamu
ambaye Lamara alimfunga mguu mwezi wa Oktoba.
Nikaandika: viazi.
Penye jina la mlipaji nikaacha wazi.

Na ule ufunguo?
Komeo la banda la kuku lilivunjika Machi,
nikauchomeka kwenye tumbuu, ukakaa sawasawa
kana kwamba ulichongwa kwa kazi hiyo.
Kila asubuhi nauchomoa, nainama, nanyoosha mkono kwenye majani makavu,
na yule kuku wa jicho moja hunitazama
kama karani mwenzangu anayengoja nifunge hesabu.

Leo lipo yai moja, bado lina joto.
Kesho sijaiandika.