Mfunua Kurasa

Jina langu halimo kwenye tangazo la mlangoni.
La Virve limo, kwa herufi za sisimizi,
chini ya Uku Rebane, ambaye herufi zake
zasomeka kutoka ng'ambo ya mto Emajõgi,
mto ulioganda tangu Desemba
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Kazi yangu: kukaa kushoto kwa piano,
kutokohoa, kutojipaka manukato,
kusimama kabla ukurasa haujaisha,
kushika pembe ya karatasi kwa vidole viwili
na kungoja Virve atikise kidevu.
Kisha kukaa tena, kiti kisilie.
Ujira ni supu ya njegere na nauli ya basi.

Sonata ni ya Salme Tuvike.
Ana miaka themanini na mmoja,
yuko safu ya tatu, koti hajalivua.
Aliitunga jikoni, usiku, bila kinanda,
akigonga meza kwa vidole, polepole,
kwa kuwa jirani wa juu alikuwa na masikio
na masikio yale yalikuwa na ofisi.
Ikalala miaka chungu nzima ndani ya pipa la unga.

Jioni, kabla watu hawajaingia,
tuliiandaa piano: vipande vya raba kati ya nyuzi,
na skrubu nane alizoleta Salme mwenyewe
zimefungwa kwenye leso.
"Zilikuwa za kitanda cha mtoto," alisema.
Hatukuuliza. Naye hakuongeza neno.
Piano ikaacha kuwa piano:
ikawa sufuria, ikawa mlango wa ghala,
ikawa mtu anayesema na kigugumizi chake.

Uku akainua upinde, ukumbi ukameza mate.
Sehemu ya kwanza yote tulimtazama yeye,
nyusi zake, jasho lake, kiwiko chake.
Hata mimi.

Sehemu ya pili, ukurasa wa kumi na nne,
kule juu ambako sauti hubaki unywele,
uzi wa kwanza ukakatika.
Si kwa kishindo. Njiti ya kiberiti, basi.
Ukamchapa shavuni, ukamwachia mstari mwekundu.
Akashusha fidla, akamtazama Virve.
Virve hakumtazama mtu.

Aliendelea.

Mkono wa kushoto ulikuwa na noti tatu tu,
zikipanda, zikishuka,
kama anayepapasa kitasa gizani;
wa kulia ukizigusa skrubu moja moja,
kama anayehesabu watoto waliolala.
Mazoezi kumi na moja nilikuwepo.
Sikuwahi kuyasikia haya.
Sisi huita kusindikiza:
unamtoa mgeni hadi njia panda,
mnaagana, mnacheka,
na hakuna anayeuliza
ile njia ya kurudi peke yako ilikuwaje.

Ilikuwa hivi.

Ukurasa ukafika mwisho. Nikainuka nusu,
mkono hewani. Kidevu hakikutikisika.
Akarudi juu ya ukurasa uleule,
akaanza upya. Mara ya pili. Ya tatu.
Nyuma ya pazia Uku alikuwa akihangaika na uzi mpya,
tukimsikia akiukaza na kutukana kidogo.
Safu ya tatu, Salme alivua koti.
Vidole vyake vilikuwa vikigonga goti.

Uku alirudi, uzi mpya ukilegea kila dakika,
akaimaliza sonata chini kidogo ya sauti yake.
Wakasimama, wakapiga makofi, maua akapewa yeye.
Ni haki yake; shavu lilikuwa bado linavuja.

Tulipozitoa skrubu zilikuwa saba.
Tukapiga magoti, tukamulika kwa simu,
Virve akaingiza mkono hadi begani.
"Iacheni," alisema Salme, akifunga leso.

Wiki iliyopita, mazoezi ya kwaya ya walimu,
noti moja ya chini ilijibu kwa sauti nyingine.
Fundi akaitwa. Mimi nikaulizwa.
Nikasema sijui,
kazi yangu ni kurasa.