Jedwali la Nne

Kamati ya kupandisha vyeo inataka jedwali la nne
lijazwe kabla ya Alhamisi saa nane.
Makala ngapi. Zimenukuliwa mara ngapi. Na nani.
Nimefunga mlango. Kiyoyozi kinakohoa.
Nje, Al-Khoudh imeungua
hata kivuli cha mtende kinatafuta kivuli.

Nianze na jina.
Katika daftari kuu la watafiti mimi ni watu watatu:
Z. Al-Maskri ana makala kumi na tisa,
Z. Al-Maskari ana nane,
na yupo Z. El Maskry, maskini, mwenye nne tu,
aliyezaliwa Kairo kwa mhariri mwenye haraka.
Hawajuani. Hawanukuliani.
Niliwaandikia wenye daftari watuunganishe;
wakaniomba ushahidi kuwa mimi ni mimi.
Bibi yangu aliombwa hivyo hivyo, mwaka wa sabini na mbili,
dirishani, mkononi ana cheti kilichoandikwa Ng'ambo.
Alijibu kwa Kiswahili. Karani akacheka.

Haya. Thelathini na moja kwa jumla.
Iliyonukuliwa kuliko zote, mara mia mbili na sita,
inahusu sponji.
Ndiyo, sponji: namna ya kukikaza kichwa cha mgonjwa
ndani ya mashine ya sumaku
kisitikisike hata nusu milimita.
Niliiandika kwa wiki mbili, nikiwa na mafua.

Na ile nyingine, iliyonila miaka sita?
Tatu.
Mbili nimejinukuu mwenyewe,
kama mpiga hodi anayejiitikia karibu.
Ya tatu ni ya mtu wa Tartu, simjui,
aliyenibana kwenye mabano pamoja na wengine tisa.

Ile ni makala ya Bi Ghanima wa Seeb.
Humo hana jina. Ni Mshiriki wa 7, mwanamke, miaka 81.
Kiarabu kilimtoka kwanza, chote, hata salamu za majirani,
kisha majina ya wajukuu.
Kiswahili kikabaki, na si chote:
kilibaki cha jikoni.
Nilimwonyesha picha ya kijiko kikubwa. Akasema,
"Upawa huo, mwanangu, na mchuzi wenu unaungua."
Kwenye skrini, juu kidogo ya sikio la kushoto,
pakawaka doa kama punje ya mtama.

Doa lile halina safu katika jedwali la nne.

Ila hili nalijua, ndiyo kazi yangu kulijua:
ubongo haukumbuki kwa kufungua kabati.
Hujinukuu. Kila tukikumbuka, seli huandika upya
habari ile ile kwa wino wa leo,
na kila nukuu hukosea kidogo.
Kinachorejewa sana huchakaa, kikapendeza.
Kisichorejewa hukaa kizima gizani
mpaka siku kinapokufa chote kwa pamoja.
Sijui kipi bora. Juu ya hilo sijaandika makala.

Mwezi uliopita mwanawe, Humoud, alikuja ofisini
na sare yake ya kampuni ya maji.
Mama alikwisha kuzikwa, Rajabu.
Alibeba makala, kurasa kumi na nne, pembe zimejikunja.
Kiingereza kile hakukielewa, nami simlaumu.
Aliweka kidole ukurasa wa tisa.
"Huyu wa saba ndiye yeye?"
Sheria ya maadili hainiruhusu kujibu.
Nikamuuliza kama atakunywa chai.
Akakaa. Akaazima kalamu yangu ya risasi,
akapiga mstari chini ya neno moja nililoliacha kama lilivyosemwa,
*upawa*,
akaikunja karatasi mara nne na kuitia mfukoni.

Nimejaza: thelathini na moja. Mia nne na kumi na mbili.
Kwenye "maelezo mengine" niliandika: *moja haikuhesabiwa.*
Nikafuta.

Saa nane kasorobo. Karani wa kamati amepiga simu,
ana swali moja tu, dogo:
Maskri yangu ni kwa a moja, au mbili?