Jozi

Septemba, na jozi za jirani zinaangukia upande wangu wa ua.
Sheria ya mtaa wetu haijaandikwa popote:
kiini ni cha mwenye mti,
ganda ni la aliyeliokota.
Nimeokota ndoo moja na nusu.

Rangi ya dukani nimeiacha. Ile ya boksi,
yenye msichana anayechekea kitu nisichokiona,
mwaka juzi iliniunguza kisogo,
kisha kila mwezi ikarudi kunidai mizizi
kama benki ya Zestafoni inavyodai riba.
Nataka rangi itakayoondoka polepole,
isiyonitumia ujumbe.

Tsiuri, mke wa fundi viatu, ananiapia majani ya seji.
Binti yake hukaa ngazini, kichwa kimelowa kamomili,
akingoja jua limpe dhahabu.
Jua limempa madoadoa puani.
Kila mtu na lake. Mimi ni wa jozi.

Ponda ganda lingali kijani. Loweka usiku mmoja.
Chemsha katika sufuria ambayo hutaipikia tena maharage,
chuja kwa soksi iliyotoboka.
Kwanza tone nyuma ya sikio, ulale nalo;
likikuwasha asubuhi, mwaga vyote, jifunge kitambaa,
maisha yaendelee.

Halikuniwasha.

Mara ya kwanza mvi zikawa nyasi kavu.
Nikazisuuza kwa maji ya siki, nikanuka achari,
na kituoni, kwenye dirisha la tikiti,
mzee Bondo alinitazama, akanitazama,
akakata tikiti ya Kutaisi bila kuuliza neno.
Mara ya pili, chai ya rangi.
Mara ya tatu nikajivika mfuko wa mkate kichwani,
nikakaa kando ya jiko saa nzima na nusu
nikiisoma tena barua ya Makvala.

Dada yangu anarudi Jumapili.
Miaka kumi na tisa Thesaloniki, akiosha vikongwe wasio wake.
Aliniacha na msuko mmoja wa kahawia,
mzito kama kamba ya kisima.
Nilitaka ashuke basi auone uleule.
Nusu saa tu ya kwanza, tudanganyane;
baadaye tungehesabu.

Nywele zikakubali. Si kahawia ya zamani,
ni gamba la mkate, na pale kwenye paji
mvi chache zimegoma
kama watu wanaokataa kupigwa picha.
Lakini mikono!
Glavu ilikuwa na tundu, nikaivua kwa uvivu,
na rangi iliyobembelezwa wiki nzima na nywele
ikaingia viganjani bila kubisha hodi.
Nyeusi hadi kwenye vifundo.
Ndimu, wapi. Chumvi, wapi. Majivu, wapi.
Mwiba wa kujichoma.

Makvala akashuka na kichwa cheupe pe,
kimekatwa kifupi kama cha mvulana.
Akanipita.
Kweli, akanipita, na sanduku lake la magurudumu,
akimtafuta mwanamke mwenye mvi.

Nikamshika mkono.
Akatazama chini kwanza.

"Umeiba tena jozi za Bichiko," akasema,
na Bichiko alikufa kabla reli haijapakwa rangi,
na sauti ilikuwa ya miaka tisa,
ya asubuhi ile mama aliposimama mlangoni: onyesheni,
nasi tumeficha mikono mgongoni,
wezi wawili, vidole kumi kumi vya ushahidi.

Hakusema lolote kuhusu nywele.
Mpaka leo hajasema.

Usiku, supu imekwisha, akauliza kama maji ya ganda yamebaki.
Kikombe kimoja, nikamwambia,
kwa kichwa kile kifupi yanatosha.

"Nani kasema kichwa?"
Akakunja mikono ya sweta
akaivuta sufuria karibu.