Nyuma ya Turubai

Ghala la tumbaku limepigwa chokaa, likaitwa makumbusho.
Harufu haijui kubadili jina: bado inakohoza.
Mimi ndiye mlinzi. Nimepewa koti lenye vifungo viwili
na kibao cha USIGUSE, nisimame nacho.

Miaka hamsini na mbili ya Nyamizi Kashindye
imetundikwa kuanzia mlangoni, mkono wa kushoto,
hadi karibu na choo.

Kijana wa Dar es Salaam, miwani yake safi kushinda maji ya Igombe,
kaigawa kwa vipindi, kila kipindi na kikaratasi chake.

"Kipindi cha Bluu." Anasema ni upweke.
Nilikuwepo. Bluu ilikuwa ya Reli,
makopo matatu ya kupaka mabehewa.
Fundi Mihambo aliyapitisha mlango wa nyuma
akalipwa picha ya mkewe, imeongezwa shingo.
Rangi ilipokwisha, na upweke ukaisha.

"Kipindi cha Udongo." Anasema ni kurudi kwenye asili.
Asili gani, ndugu yangu? Ulikuwa mwaka wa foleni,
hata sabuni madukani ilikuwa hadithi.
Nilitumwa Ipuli na debe, nikabomoa kichuguu,
mchwa wakanipanda hadi kwapani.
Masizi tulikwangua kwenye mabani ya tumbaku,
nta tuliomba kwa warina asali wa Sikonge,
vyote tukavipika kwenye sufuria ya ugali
na usiku ugali ukanuka nyuki.
Yule ng'ombe mwekundu alitokea humo.
Ninyi mnamwita kazi bora.
Mimi nikimtazama, tumbo linanguruma.

Mabango ya vinyozi hayamo,
vichwa saba, kila kichwa na bei yake.
Halimo jeneza la mzee Kafuku, lililochorwa vitunguu
kwa kuwa marehemu aliuza vitunguu;
hilo lipo, ila futi sita chini, na mtazamaji wake mmoja.

Mwisho kabisa, manjano matupu, turubai pana kama shuka.
"Kipindi cha Mwanga. Hekima ya uzee."
Lakini mtoto wa jicho amekua, siku hizi ni mtu mzima,
amekaa mlangoni, harusu rangi kupita.
Manjano peke yake ndiyo bado inampigia hodi.

Alhamisi alikuja.
Kashikwa mkono na mjukuu wake, Wande,
ndala zake zikiburuza saruji.
Hakuuliza picha ipi ni ipi. Alinusa.
Aliponusa nta, akasimama, akanyoosha mkono.

Nami nina kibao.
"Mama, hairuhusiwi."
"Nani kasema?"
"Ndicho ninacholipwa kusema."
Akacheka cheko lile lile la zamani, la kupasua kuni.
"Basi fumba macho, tulingane."

Nikafumba.
Nikasikia vidole vikimpapasa ng'ombe kutoka pembe hadi mkia,
kisha msumari ukalia, kisha mbao zikagongana,
na Wande akasema, "Bibi, umeigeuza."
"Ndiyo. Huku ndiko nilikoandika. Wewe wa koti, fumbua, soma."

Mgongo wa ng'ombe ni gunia la unga,
na juu ya gunia, penseli iliyofifia:

Unga, kilo mbili, kwa Mama Sizya.
Mafuta ya taa, chupa moja, dukani kwa Ramji.
Nta, kwa warina, wakikubali kungoja mavuno.
Sufuria, nimeiharibu, ni ya dada.

Nilisoma polepole, kwa sauti ya kazini.
Wageni wawili walikuwa wamesogea, wakidhani ni sehemu ya maonyesho.
Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja zaidi:
Yule mtoto wa udongo, debe sita. Sijamlipa.
Nikakohoa. Nikasema, "Basi, mama. Yameisha."

Ghala likanyamaza.
Juu ya bati kunguru alitembea hatua nne, tano.

"Umeruka mstari," alisema,
akitafuta kwa vidole fundo la khanga.